Jina Langu Chini ya Miguu

29 Septemba 1708, Jumamosi. Sikukuu ya Mikaeli.

Leo mchungaji ametangaza kwamba kanisa letu la Mtakatifu Gertrudi linatafuta mpiga kinanda mpya. Mimi hakunitaja, lakini vichwa vya wanawake wote viligeuka kutazama juu kwenye roshani ya kinanda, nilikokuwa nimekaa nyuma ya pazia. Hapa Ahrensbeck desturi inajulikana na mtoto wa miaka mitano: anayerithi kinanda humrithi na binti wa anayestaafu. Baba alimpata mama kwa njia hiyo hiyo, na kati ya vile viwili alivyopewa siku ile, sijui kama mama ndiye aliyetazamwa kwanza.

Nyumba nayo hufuata kinanda. Mpigaji mpya akinioa, baba atabaki kwenye kiti chake karibu na jiko mpaka Mungu amchukue. Asiponioa, Sikukuu ya Mamajusi, mwanzoni mwa Januari, itatukuta tunafunga vyombo.

Nina miaka thelathini na mmoja. Shingo yangu ni fupi na jino la mbele limevunjika nusu. Nayaandika haya mapema ili baadaye nisijifanye nilishangaa.

30 Septemba.

Mvua. Nimepiga ibada zote mbili.

3 Oktoba.

Niandike ukweli mahali pamoja angalau. Ni miaka minne sasa mikono ya baba inatetemeka, hawezi kushika hata kijiko cha supu bila kumwaga. Watu wanadhani napanda roshani kumfunulia kurasa. Kumbe anayepiga ni mimi, na baba hukaa pembeni akitikisa kichwa. Anayejua ni Mzee Tewes peke yake, anayekanyaga mivukuto nyuma ya kinanda ili mabomba yapate upepo.

Na kuna la pili ambalo hata Mzee Tewes halijui vizuri. Baba hupiga mluzi mistari miwili ya wimbo akiwa kitini, mimi naandika mistari mia, halafu nampigia, naye husema, "Naam, ndivyo nilivyokusudia." Zamani lilinichekesha.

9 Oktoba.

Mzee Tewes ameniuliza wagombea watapimwaje. Nikamwambia: watapiga utangulizi wa tenzi, watafuatana na waimbaji kwa kusoma tarakimu zilizo juu ya besi, sauti ya chini kabisa, na mwisho watafunguliwa bahasha yenye mada ya baba, yaani noti chache za kuanzia, na hapo hapo, bila kuandika, waijengee fuga ya sauti nne.

"Fuga," akasema. "Mimi nafuga bata wawili. Nyie mnafuga nini humu ndani?"

"Sauti, Mzee wangu. Ya kwanza inasema neno lake, ya pili inalidaka na kulisema juu yake, ya tatu hivyo hivyo, ya nne hivyo hivyo, na hakuna anayenyamaza kumpisha mwenzake. Lakini lazima waelewane mpaka mwisho."

"Kwa hiyo ni kama Bi Wobbe na dada zake."

"Kama wangekuwa na akili."

Bi Wobbe ni jirani yetu, mke wa mwoka mikate. Kila kinachotokea mjini lazima kipitie kinywani mwake kwanza, ndipo kiwe kimetokea.

14 Oktoba, Jumapili.

Mgombea wa kwanza, Bwana Oldekop. Mkono wake ni wa ajabu, lazima nikiri. Baada ya ibada aliletwa kula kwetu, kama desturi inavyotaka, nami nikamhudumia samaki wa chumvi na mkate mweusi. Alinitazama mara moja nilipoweka sahani. Mara ya pili alitazama dirishani akauliza gari la farasi la kwenda Hamburg huondoka saa ngapi.

Bi Wobbe alikuwa mlangoni kabla vumbi la gari halijatulia. "Pole, shoga. Lakini na wewe, si ungevaa ile kofia yenye utepe?"

21 Oktoba.

Wa pili alipotea katikati ya fuga, akapiga noti moja ya besi muda mrefu kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Baraza limemrudisha kwao. Mvua haijakatika tangu Mikaeli.

24 Oktoba.

Wa tatu ameingia mjini, Lorenz Brandes wa Lüneburg. Amepanga kwa Bi Wobbe, kwa hiyo kabla ya chakula cha mchana nilishajua ana mashati mangapi.

26 Oktoba.

Nilikuwa peke yangu na Mzee Tewes kanisani, napiga chakona niliyomaliza juzi, ile yenye besi ya noti nne inayorudi na kurudi huku juu yake mambo yanabadilika. Nilipomaliza nikasikia mtu anapanda ngazi. Sikupata muda wa kujificha. Bwana Brandes alisimama akanitazama mimi, akatazama kiti cha baba kilichokuwa kitupu, akatazama vidole vyangu.

Nilingoja acheke. Akasema, "Tena."

"Nini?"

"Piga tena, tafadhali. Ile sehemu besi inaponyamaza na mtu bado anaisikia."

Miaka minne napiga hapa, na hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo. Nilipiga tena. Mzee Tewes alikohoa huko nyuma mpaka nikaona haya.

27 Oktoba.

Kumekucha bila mvua.

28 Oktoba, Jumapili.

Tumeongea tena roshani, saa nzima. Ana miaka ishirini na saba, anacheka kwa urahisi, na hakulitazama jino langu hata mara moja. Anapiga tenzi kwa utamu hasa, utasema anazungumza na mtu mgonjwa. Lakini fuga hawezi. Alijaribu mbele yangu; sauti ya tatu ilipoingia, ya kwanza ikamponyoka.

"Wananipita," akasema, akaficha uso mikononi. "Nikimshika mmoja, mwingine kakimbia. Jumapili ijayo nitaaibika, Bi Gese, nitarudi kwetu kupigia arusi za wachinjaji."

"Mazoezi," nikasema.

"Kwa siku saba? Nisaidie. Wewe unajua mzee hupenda mada za namna gani. Sitakusahau maisha yangu yote."

Nilifunika vibao nikashuka. Lakini mada ya baba nitaiandika mimi kesho, kwa kuwa mikono yake haiwezi, na nitaifunga mimi kwenye bahasha.

30 Oktoba.

Nimefanya. Jana baba alipiga mluzi mada yake, nikaiandika, nikaifunga kwa lakiri mbele yake. Leo asubuhi nimekaa jikoni na kuandika fuga yote, sauti nne, na nilipofika katikati mkono ulianza kukimbia peke yake. Ni kazi bora niliyowahi kufanya. Ataikariri, atajifanya anaitunga pale pale. Watu watamshangaa, baraza litampa kinanda, kinanda kitamleta hapa, baba atabaki karibu na jiko lake, na mimi nitaishi na mtu aliyesema "tena".

Najua ni udanganyifu. Bwana Oldekop alikuja kutazama nyumba, kinanda na kisha mimi, naye akachagua. Nami nimechagua.

Kuna kitu nimekiweka ndani kwa ajili yangu. Sisi wapiga vinanda huziita noti kwa herufi, na kile kibao tunachokiita Es husikika kama herufi S. Kwa hiyo jina langu linapigika: G, E, Es, E. Nimelitia kwenye besi, inayopigwa kwa miguu, na linarudi mara tisa. Fundi seremala huchoma alama yake chini ya meza. Nilitaka kazi hii iwe na mwenyewe, hata kama hakuna atakayeinama kutazama.

1 Novemba.

Ukungu. Anakariri vizuri. Hakuuliza chochote kuhusu besi, alisema tu kwamba ile Es inamchokonoa sikio. Nikamwambia aiache.

4 Novemba, Jumapili. Siku ya mtihani.

Nilikaa chini na wanawake kwa mara ya kwanza tangu nikiwa msichana. Baba alikaa mbele na wazee wa baraza. Meya alivunja lakiri, akainua karatasi ili wote waone, akampelekea Bwana Brandes juu.

Akaanza. Sijawahi kuisikia kazi yangu kutoka chini. Huko juu mtu anashughulika na vibao, na upepo, na kikohozi cha Mzee Tewes. Hasikii jinsi sauti ya pili inavyoingia kanisani kama mtu aliyechelewa kidogo na hana wasiwasi. Sauti ya tatu ikaingia. Ya nne. Wauza samaki waliacha kunong'ona. Nilifurahi, naandika kama ilivyokuwa. Nikasema moyoni, ni mimi, enyi watu, ni mimi.

Kisha miguu ikapiga G, E, Es, E. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mara ya nne baba akainuka kutoka kitini.

"Gese!" akaita, kanisani, fuga ikiendelea. "Mnasikia? Anapiga jina la binti yangu! Kwenye besi!"

Wazee wa baraza wanaojua noti wakaanza kuhesabu kwa vidole. Mmoja akatikisa kichwa kwa kicheko, akamnong'oneza mwenzake, naye akamnong'oneza mwingine, na habari ikavuka safu za wanaume ikafika kwa wanawake kabla sauti nne hazijakutana mwisho. Bi Wobbe alinifinya paja.

"Shoga! Mtu anakuposa kwa miguu!"

Nilijisikia damu imenipanda mpaka masikioni. Watu waliona, na wakalipenda. Mke wa meya alinipa leso yake. Nje, kwenye ngazi, baba alimshika Bwana Brandes mabega kwa mikono yake inayotetemeka, machozi yakimtiririka.

"Mada yangu umeielewa kuliko mimi," akamwambia. "Nimengoja miaka yote hii kupata mtu anayefikiri kama mimi. Wewe ni mwanangu."

Bwana Brandes alinitazama juu ya bega la baba. Nilidhani ni aibu ya furaha.

Niliacha alama ya mwenye kazi, wao wamesikia barua ya mapenzi. Lakini kama barua hiyo ndiyo itakayomleta nyumbani, basi na waisome wanavyotaka.

5 Novemba.

Wanawake watatu wamekuja kunishauri kuhusu mashuka.

11 Novemba, Jumapili. Mtakatifu Martini.

Bata bukini kwetu, wa kuchoma, na kabichi nyekundu. Bwana Brandes amekula kama mtu anayeogopa mifupa. Baba amemwita "mwanangu" mara kumi na moja. Nilipomwongezea mchuzi alisema "asante, Bi Gese" bila kuinua macho. Baraza bado halijatia sahihi ya kumwajiri. Kila mtu anasema ni kwa sababu ya uchumba, wanangoja atamke.

14 Novemba.

Ametamka, kwangu.

Nilimkuta roshani. Alikuwa amesimama na kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kwenye msiba.

"Bi Gese, nina mchumba kwetu. Dorothea. Ni miaka mitatu sasa."

Nilikaa kwenye kiti cha baba. "Ulipokuja hapa hukujua desturi?"

"Niliijua. Nilidhani sitashinda. Nilitaka waandike tu barua kwamba nilijitahidi, nipate kazi ndogo mahali."

"Halafu ukaniomba nikusaidie."

"Nisaidiwe mtihani! Sikukuomba unioe. Lini nilisema neno hilo?"

"Hukusema."

"Basi." Akazungusha kofia. Kisha akageuka, na sauti yake ikawa nyingine. "Wewe ndiye uliyesema. Uliniwekea jina lako miguuni nikalikanyaga mbele ya mji mzima bila kujua, kama panya kwenye mtego. Kila mtu ananipongeza. Ulinitega, Bi Gese."

Yeye! Anayejua mkono ulioiandika! Nilimwambia kwamba jina lile halikuwa lake, lilikuwa langu, kwamba mtu akitengeneza kitu anaweka jina. Alinitazama kwa huruma. Huruma hiyo sitamsamehe.

"Wanawake hawaandiki majina yao kwenye fuga bila sababu," akasema.

Akaondoka. Mzee Tewes alitokeza kichwa nyuma ya mivukuto. "Bibie, nimrushie kiatu?"

15 Novemba.

Baridi. Sikupika.

19 Novemba.

Baraza limekaa. Bwana Brandes amewaambia kwamba kuna mji mwingine unamtaka, mkubwa kuliko wetu, usio na desturi yoyote ya mabinti. Sijui kama ni kweli. Wazee wakaingiwa na hofu. Tangu mtihani ule, wafanyabiashara wa Hamburg wameanza kuuliza ibada yetu huanza saa ngapi, haijapata kutokea. Kwa hiyo wamefuta sharti la kuoa binti, mara ya kwanza katika miaka themanini.

Fuga yangu ilikuwa nzuri mno. Ingekuwa mbaya kidogo, wangembana aoe.

Lakini hilo silo lililonivunja. Kabla ya kufuta, walimwita baba wamsikie, maana sharti linamhusu yeye na nyumba yake. Nilidhani atapiga meza. Amerudi amechangamka, mashavu mekundu kwa baridi.

"Nimewaambia wasimwache aende," akasema. "Mkono kama ule hauji mara mbili. Sisi tutapata pa kukaa, Gese. Mungu hamwachi mja wake."

"Na mimi, baba?"

"Wewe si uko na mimi?"

Nikamvua viatu. Vilikuwa vimelowa.

2 Desemba, Jumapili. Majilio.

Nimekaa chini na wanawake. Kuanzia leo juu yuko yeye. Tenzi tu, alizipiga vizuri. Majilio hayana muziki mkubwa, kwa hiyo hakuna atakayemdai fuga mpaka Krismasi ipite.

Nyuma yangu nilisikia: "Si alimpigia jina lake, wote tulisikia. Kisha akaenda kula kwao mara moja tu, akabadili nia. Sasa mtu ajiulize aliona nini."

Bi Wobbe akageuka akawanyamazisha, halafu akaniinamia sikioni: "Lakini kweli, shoga, ulimfanyia nini?"

5 Desemba.

Theluji nyembamba. Mzee Tewes anasema atakwenda barazani aseme yote. Nikamwambia, watakuuliza wewe unajua nini zaidi ya upepo. Akasema upepo ndio unaofanya lile lidude lilie. Nilicheka kwa mara ya kwanza mwezi huu.

9 Desemba.

Nimemwambia baba. Nilikuwa nimeapa sitamwambia, lakini alikuwa anamsifu tena, anasema kijana yule angezaliwa nyumbani kwetu yeye angekufa kwa raha.

"Fuga ile niliiandika mimi," nikasema.

Alikuwa anatafuna. Akamaliza kutafuna. "Ulifungua bahasha?"

"Bahasha niliifunga mimi. Nilimpa mada siku tano kabla, na fuga yote."

"Ulimwonyesha mada!" Alishtuka kweli. "Gese! Hilo ni kosa kubwa. Usimwambie mtu. Watamwonea, na hana hatia. Mada si fuga. Hata ukimpa mtu unga miezi sita, kuoka ni kwake."

Nikaenda kuleta karatasi zangu za jikoni, zenye mistari niliyoikata na kuandika upya, zenye doa la siagi. Nikaziweka mapajani pake. Alizisogeza mbali na macho, akasoma ukurasa mmoja, wa pili, midomo ikicheza. Nilisimama pale kama mtoto anayengoja mwalimu amsahihishie somo. Kisha akanipapasa mkono.

"Umenakili vizuri sana," akasema. "Kwa kusikia mara moja! Nimekufundisha vyema. Lakini mwanangu, uchungu usikufanye udai kisichokuwa chako. Tutasema nini kuhusu vile nilivyotunga mimi miaka hii? Kwamba navyo ni vyako?"

Sijui kama lilikuwa swali. Ningeweza kusema ndiyo. Ana miaka sabini, na alichobaki nacho duniani ni imani kwamba vile ni vyake.

Nikasema, "Hapana, baba."

10 Desemba.

Nimeanza kufunga vyombo. Dada yangu wa Stralsund ameandika kwamba ana nafasi ya mtu mmoja. Hakutaja ni yupi kati yetu.

16 Desemba.

Baridi imezidi. Maji ya ndoo yameganda juu.

20 Desemba.

Bwana Brandes amekuja nyumbani, mlango wa jikoni. Baba alikuwa amelala baada ya chakula. Mgeni alikuwa amekonda.

Dorothea na baba yake watafika Mamajusi kwa ajili ya kutangaza ndoa. Meya amemwamuru siku hiyo apige ile fuga, wageni wa Hamburg wameiomba. Na baba mkwe, mtu wa kuuza chumvi, ameshasikia kwamba ndani yake kuna jina la mwanamke mwingine.

"Nimejaribu kulitoa," akasema.

Akaweka karatasi mezani. Alikuwa ameondoa Es, akaweka D mahali pake, mara zote tisa, kama mtu anayeziba matundu ya nguo kwa kiraka kimoja. Besi ikagongana na sauti ya tatu kila mahali. Makosa ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupigwa fimbo kwa ajili yake. Nilicheka hadi nikalazimika kukaa.

"Huwezi," nikasema.

"Siwezi. Ukigusa kimoja vyote vinaporomoka. Mwenye kujua kiunzi chake ni wewe." Ndivyo alivyosema, kwa mdomo wake, mbele ya vyungu vyangu. "Nakuomba, Bi Gese."

"Unaniomba nifute jina langu."

"Ndiyo."

"Kwa sababu wewe hujui namna ya kulifuta."

"Ndiyo." Macho yalimjaa machozi. Hata kulia analia kwa utamu.

Nilimwambia mkono mtupu haulambwi. Nikamtajia: baba abaki kwenye chumba cha chini, karibu na jiko, mpaka afe, na iandikwe mbele ya mchungaji. Akakubali kabla sijamaliza. Akaongeza kwamba na mimi nibaki, bila shaka. Dorothea hapendi kazi za nyumbani, na kunakili noti hakutaisha.

"Na kinanda?" nikauliza.

"Dorothea hatapenda," akasema.

21 Desemba.

Mchungaji ameshuhudia karatasi. Baba ameambiwa kwamba ni wema wa Bwana Brandes. Amelia kwa shukrani.

25 Desemba. Krismasi.

Bata, maandazi ya asali. Nimefanya kazi asubuhi na jioni.

27 Desemba.

Imekwisha. Haikuwa noti tisa tu. Es ile ilikuwa imeshika mambo mengi, na ilipotoka ilinibidi nisogeze sauti ya pili, na kuipa ya tatu njia nyingine, na mahali pawili nikaona mlango ambao mwezi wa Oktoba sikuuona kwa sababu nilikuwa nimeubandika jina juu yake. Nimeipiga mezani kwa vidole. Inateleza. Nimezichukia noti zote moja moja.

Nimempa Mzee Tewes ampelekee, maana sikutaka kumwona.

5 Januari 1709.

Tangu asubuhi upepo wa kaskazini mashariki. Bi Wobbe anasema unga uliokandwa umeganda jikoni kwao, na ndege wanaanguka kutoka kwenye mapaa. Safari hii hakuongeza chumvi, nimewaona mwenyewe.

6 Januari, Jumapili. Mamajusi.

Haijapata kuwa baridi ya namna hii. Divai ya meza ya Bwana iliganda ndani ya kikombe, mchungaji akaipasha moto mkononi. Mzee Tewes alifunga mivukuto kwa ngozi za kondoo zisipasuke. Watu walikaa wamebanana kama samaki wa chumvi kwenye pipa, na mimi nilikaa katikati ya baba na Bi Wobbe. Dorothea alikaa mbele, karibu na baba yake muuza chumvi. Ni msichana wa kawaida, ana mafua. Nilitaka kumchukia nikashindwa.

Bwana Brandes akapiga. Kwa sababu ya baridi mabomba yalikuwa yameshuka sauti kidogo, lakini hakukosea hata mahali pamoja. Besi ikaingia: G, E, D, E. Nilihesabu. Mara tisa. Muuza chumvi alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza kwa makini, kisha akaegemea nyuma akatulia, akamfunika binti yake blanketi.

Bi Wobbe akanigonga kiwiko. "Shoga, si ile ile?"

"Ile ile," nikasema.

Baba hakuinuka safari hii. Alikuwa amefumba macho, mkono wake ukitetemeka juu ya wangu chini ya shali. Noti ya mwisho ilipokwisha alingoja mpaka kanisa lote likawa kimya, kisha akaniinamia sikioni, taratibu, jinsi mtu anavyomwambia mgonjwa.

"Umesikia? Amelitoa jina lako. Usiumie, mwanangu. Lilikuwa linaiharibu. Nilijua tangu siku ya kwanza, ila sikutaka kukuambia."